Nani Alianzisha Dada kwa Dada

Kijiwe cha Mwadini kipo Hillbrow, kwenye kona ya spaza, duka dogo la mtaani: benchi moja na birika la kahawa. Asubuhi hiyo Benita alikaa mwisho wa benchi, miguu imemvimba, kilemba cha kijani amekikunja kwenye mkoba. Ndiyo sare ya Dada kwa Dada, tawi la Hillbrow, kina mama wanaowasindikiza wajawazito hospitali na kuwatafsiria. Walikuwa kumi na wanne. Wengine wamehama, wengine wamezikwa, amebaki yeye. Alikuja kusema tawi linafungwa. Amechoka, basi. Lakini wanaume walishaanza kubishana, na pale usipowahi kuanza, utasubiri mpaka kahawa ipoe.

– Mi najua bien, alisema Damien, Mkongo waliyempa jina la Profesa kwa ajili ya miwani. Lile tawi walilianzisha masista wa Ubelgiji.

– Masista gani? Mwadini akamimina. Kilemba kile kinafungwa Kitanga kabisa. Wale dada zetu wa Tanga.

– Eish, hamjui kitu! alidakia Égide, mlinzi, Mrundi. Benchi linamwita Komanda. Wale kina mama walitumwa na Umoja wa Mataifa kutuhesabu. Mtoto akizaliwa tu, jina linaenda Geneva.

– Na uzito? Mwadini akauliza.

– Na uzito.

Hakukuwa na sista wala Geneva. Siku ya kwanza kulikuwa na jirani aliyeshikwa na uchungu, nesi hospitali anafoka Kizulu, na Benita, aliyekuwa amepanda juu ya paa kuanua nguo tu, asijue kukataa. Ni miaka kumi na sita sasa. Wake wa hawa wote amewashika mikono wakijifungua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza nani alianza. Ilimuuma.

– Mama Benita, wewe shahidi, alisema Profesa. Ni masista, si ndiyo?

– Tawi nimelifunga.

– Umeona? Komanda akapiga paja. Amri ya Geneva hiyo!

Walikuwa bado wanacheka aliposimama mbele yao binti mwenye mimba kubwa.

– Bonjour, samahani kaka zangu. Naitwa Gaëlle, nimefika juzi kutoka Bujumbura. Wale kina mama wanaosindikiza... kesho nani atakwenda na mimi?

Profesa alifuta miwani. Komanda aliitazama robot, taa ya barabarani, mpaka ikageuka kijani. Mwadini alitikisa birika, tupu.

– Saa kumi na moja na nusu alfajiri, hapa hapa, alisema Benita, na papo hapo akauchukia mdomo wake. Uje na soksi, wodini kuna baridi. Na usichelewe, mwanangu. Siku hizi sitembei haraka.