Mapasa mu Ordinateur ya Tshimanga

Benchi yetu iko mbele ya studio ya Tshimanga, hapa Kolwezi, pa kona fasi ba camion ya mine, ya mugodi, zinapunguza mwendo, na vumbi yao inaingia mu kahawa yangu bila kubisha hodi. Mi njo Mama Ngalula, mi njo napika ile kahawa, na kama kuko muntu anasema iko na mchanga, aende kunywa mayi ku ziwa ya Nzilo na mikono yake. Kuko batatu habakosi hapa hata siku moja. Tshimanga, fundi ya ordinateur, ile kompyuta, na ya ba vidéo, tunamwita Degré juu kila saa anatangaza moto ya mashini yake. Tata Kankolongo, karani ya zamani ya mine, tunamwita Ingénieur hata kama hakusomea ile kazi. Na Samy wa taxi moto, pikipiki ya kubeba bantu, tunamwita Radio, na juu ya nini utajionea mwenyewe. Siku ile Mama Bilonda naye alikuwako, mama ya mapasa, ba pacha Mbuyi na Kabanga. Sisi Bakasai, bantu ba Kasai, mama ya mapasa haumwite jina ovyo, unamwita Mwambuyi. Aliikala ku mwisho ya benchi, Kabanga pembeni yake. Mbuyi hakukuwako. Mbuyi alibakia mu shimo, kule ba creuseurs banachimba, siku udongo ilianguka mu musimu ya mvua. Tangu siku ile Kabanga hakusema neno hata moja.

Kile mama alikuwa anangojea kilikuwa mu mashini ya Tshimanga. Ile siku, mbele udongo ianguke, simu ya Kabanga ilikuwa inafilmer, inakamata picha. Simu ilivunjika, lakini Tshimanga alitosha vidéo ndani yake. Mbuyi anaonekana, anafungula kinywa, anasema kitu, lakini makelele ya groupe electrogène, ile mashini ya umeme, inafunika sauti. Mashini ya Tshimanga ilikuwa na uwezo ya kusafisha ile sauti. Shida: kila mara, ikifika pale Mbuyi anafungula kinywa, inazimika. Tshimanga akasema ni moto ya processeur, ile ubongo ya mashini. Akaagiza Lubumbashi dawa ya moto, na ndiyo hiyo alituletea inje pa mesa, ilishafungwa ndani ya mashini, bidule ya kupoza, kubwa mpaka kifuniko ya mashini ilikataa kufunga.

Tshimanga: Angalieni vizuri! Ba tour mbili, sawa minara, moja huku, moja huku. Chini kuko mukuba, shaba safi, inagusa processeur, inakamata moto, inapandisha mu hizi karatasi za aluminium. Ventilateur inapuliza, moto inaenda zake.

Ingénieur: Mukuba ya hapa.

Tshimanga: Tata, hii ilitoka Chine.

Ingénieur: Na Chine iliitosha wapi? Hii camion inapita mbele ya pua yako inapeleka nini, mihogo?

Samy: Ni nzito, we! Sawa tofali.

Tshimanga: Ile njo kasoro ya kwanza. Nililalisha mashini, juu ikisimama itavunja carte. Kasoro ya pili, inaikalia fasi ya mémoire, nilibanabana mpaka vidole vilichubuka. Lakini makelele? Sikilizeni.

Tukatega masikio. Mashini ilikuwa inatembea na hakuna kitu kilisikika. Ile ya zamani ilikuwa inalia sawa mashini ya kusaga unga, mpaka bateja wangu walikuwa wanapiga kelele ili nisikie wanataka sukari.

Samy: Haisikike hata kidogo. Ingénieur anapumua kwa nguvu kuishinda.

Ingénieur: Mapafu yangu uyaache, mutoto.

Tshimanga: Na moto sasa! Zamani ilikuwa inapanda karibu mia. Lelo makumi sita, na mashini iko inafanya kazi ya nguvu. Mi naipatia tisa juu ya kumi.

Mi: Na ile vidéo?

Akaangalia kahawa yake.

Tshimanga: Inazimika tu.

Mi: Fasi gani?

Tshimanga: Fasi ileile. Mbuyi anafungula kinywa, pa! Giza.

Mi: Lakini unasema moto inaisha.

Tshimanga: Inaisha, Mama. Nilitia mukono, baridi. Mashini haina moto, haina kitu, na inazimika.

 Mwambuyi alivuta kitambaa yake ya mabega, hata kama jua lilikuwa kali. Kabanga alikuwa anaangalia ile ventilateur, hapepesi macho.

Samy: Mi najua. Chini ya mukuba kuko nailo wanabandikaka ku fabrique. Haukuitosha.

Tshimanga: Niliitosha. Nani anasahauka ile?

Samy: Weye. Mwaka jana uliuzishia padri imprimante ya kuchapa karatasi na scotch ya kubandika ndani.

Tshimanga: Samy, ile ilikuwa imprimante. Usilete ya padri hapa.

Ingénieur: Ni courant. Umeme ya hapa inakuya na mapigo, inapiga, inaacha.

Tshimanga: Courant ingezima fasi yoyote. Hii inachagua, Tata. Nilijaribu vidéo ya ndoa, ya ubatizo, ya mechi, zote zinamalizika. Ni hii moja tu inakataa.

Samy: Basi ni sauti. Kuko sauti mashini haiwezi kubeba. Mi nilisikia Likasi kuko radio ilipasuka juu muntu alilia ndani.

Mi: Ulisikia ku nani?

Samy: Nilisikia tu, Mama, uniache nimalize.

Ingénieur: Mi nitawaambia, na musicheke. Miaka yote niliandika ba tonnes za mukuba zinatoka mine ya Mashamba na huko kwingine. Mukuba inaikala chini miaka na miaka, inajua kile kinalala pembeni yake. Unaitosha, unaipeleka mbali, wanaiyeyusha, inakuya tena, wanaifunga mu mashini ya ile vidéo. Mbuyi analala na mukuba, na sasa mukuba inamuangalia usoni. Mungekuwa mukuba, mungefanya nini?

Samy alitaka kucheka. Akanywa kahawa yake. Nikaamuka nichukue sahani za mikate, na nikiinama pale pa mesa njo niliona kile wanaume batatu hawakukiona tangu asubuhi, na macho banayo.

Mi: Tshimanga! Tour ni mbili, ventilateur ni moja!

Tshimanga: Ingine ilivunjika mu njia. Lakini moja inatosha, Mama, wanaandika hata mu karatasi yake.

Mi: Inatosha! Mwana wa Kasai, mama yako alikuzaa, unasema mbele ya Mwambuyi inatosha? Hizi ni mapasa, na mapasa banagawiwa sawasawa! Unapatia moja mupepo, unanyima ingine, kiisha unashangaa banakasirika? Unavalisha Mbuyi, unaacha Kabanga uchi?

Tshimanga: Mama Ngalula, ni chuma.

Mi: Chuma, chuma! Chuma njo inachagua vidéo?

Mwambuyi akafungula kinywa mara ya kwanza.

Mwambuyi: Tata Tshimanga. Ile yenye iko na ventilateur, ni ya Mbuyi ao ni ya Kabanga?

 Na pale pale courant ikakatika. Studio yote ikawa giza, radio ya jirani ikanyamaza. Ventilateur ingepaswa kusimama. Haikusimama. Ilizunguka polepole, ikazunguka, na mupepo hakukuwako: moshi ya makala yangu ilikuwa inapanda wima sawa kamba. Niliangalia moshi, nikaangalia ventilateur. 

Samy: Degré, kuko batterie ndani?

Tshimanga: Hakuna.

Samy: Basi uizimishe.

Tshimanga: Ilishazimika, Samy. Nizimishe nini?

Kabanga akapeleka kidole, taratibu, akagusa ile bawa ya ventilateur. Ikasimama. Mi nilitaka kwenda kwangu, nasema ukweli, lakini sufuria yangu ilikuwa pa moto.

Tshimanga akaingia mu studio bila kubishana tena. Alitoka na ventilateur ya mashini yake ya zamani, nyeupe, ndogo kidogo kuliko nyeusi. Akaifunga ku tour ya pili na waya, akasukuma ba fil zote, nyaya za ndani, mpaka mwisho. Alinong'ona ati labda kuko fil moja ilikuwa haikuingia muzuri. Mi nilimuacha na labda yake. Mwambuyi akasimama, akainama juu ya mesa vile mama anainama juu ya kitanda.

Mwambuyi: Yambo Mbuyi. Yambo Kabanga.

Njo pale camion moja ikasimama mbele yetu, chauffeur akashuka, akaomba kahawa. Kijana mwenye adabu, nguo nyeusi juu ya vumbi ya manganèse. Alisema anaitwa Blanchard, anatoka Kisenge, Kolwezi hajue muntu. Nikamumiminia, akaikala pembeni ya Samy, na courant ikarudishwa.

Tshimanga: Naianzisha. Munyamaze bote.

Mapasa bote bawili, ba ventilateur, wakaanza kupuliza. Tshimanga alikuwa anasoma moto kwa sauti ya chini: makumi tano, makumi tano na nane. Ku écran tuliona udongo mwekundu, mufuko, miguu ya bantu. Kiisha Mbuyi, taa ku kipaji, anacheka. Ile kucheka yake, Mungu wangu. Anageuka, anafungula kinywa. Samy alinikamata mukono, na mi nilimuacha anikamate.

Mashini haikuzimika.

Sauti ilitoka safi, karibu, sawa vile Mbuyi alikuwa nyuma ya benchi: «Kabanga, weye panda na mufuko. Mi narudia.» Akaingia mu giza ya shimo, na vidéo ikaisha.

Mwambuyi alitia mikono miwili juu ya kinywa. Aliomba Tshimanga airudilie. Tukasikia tena: weye panda, mi narudia.

Ingénieur: Alijua. Mnasikia? Mutoto alijua saa yake inafika, akaaga.

Samy: Alijua kabisa! Na njo neno lilelile Kabanga alisema siku ile!

Blanchard: Samahani, ba tata. Ni nani huyu?

Samy hapendi swali libakie njaa. Akageuka.

Samy: Ni Mbuyi, pasa ya huyu kijana unaona hapa. Mi nilikuwako pale ku shimo, nilikuwa nabebaka mifuko na taxi moto yangu. Udongo ilishuka, vumbi tupu. Tunaona Kabanga anatoka ndani ya vumbi, mwekundu mpaka meno, anapiga kelele: «Mbuyi anarudia! Mbuyi anarudia!» Basi, tukaelewa.

Blanchard: Mukaelewa nini?

Samy: We hauko Mukasai, nitakueleza. Kwetu pasa haumuseme anakufa. Ni mwiko. Unasema anarudia, anarudia kule alitoka. Na haumulilie, juu ukimulilia ataita mwenzake. Basi bantu wote pale, karibu wote ni Bakasai, wakaweka ba pelle za kuchimbia chini. Tukatosha kofia ku kichwa. Tukamushika Kabanga, juu alikuwa anapigana na sisi, anataka kuingia tena. Uchungu ya pasa, unajua. Tukamurudisha kwa mama yake. Njo pale alifunga kinywa.

Blanchard alikuwa anazungusha kopo mu mikono. Aliangalia écran, pale picha ya mwisho ilibakia, mulango ya shimo.

Blanchard: Mi sijue desturi yenu, munisamehe. Lakini huyu anasema weye panda, mi narudia. Si ni ndani ya shimo njo anarudia? Labda alisahau kitu.

Samy: Ndiyo, lakini...

Blanchard: Na huyu ndugu yake anakuja anawaambia vile, anarudia, mwenzangu anarudia ndani. Kiisha mulichimba kumutafuta?

 Radio yetu, mwenye ana jibu ya kila kitu tangu Kolwezi mpaka Chine, akafungula kinywa na hakuna kitu kilitoka.  Tshimanga alitia mukono juu ya mashini, sijue alikuwa anapima moto gani. Na mi Ngalula njo mwenye nilikuwa natukana kila muntu tangu asubuhi juu ya desturi. Nilikuwa nafikiri juu ya Mbuyi, labda mzima pale chini ule muda wote, na taa ku kipaji, anasikia kule juu bantu banatosha kofia, na hakuna mwenye anachimba.

Mapasa yalikuwa yanapuliza pa mesa, bila makelele.

Na Kabanga akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, na ilikuwa sauti ya Mbuyi, ileile, kama vile vidéo ilianza tena.

Kabanga: Nilibaambia.

Mwambuyi akaanza kulia. Alilia kwa kelele, pale pa benchi, mbele ya bantu na ba camion, kilio ya miezi yote. Na hakuna hata mumoja wetu alithubutu kumwambia mapasa hawaliliwe.