Mwalimu Odilia na Siku ya Kurudisha
Na Elineema Mbwambo, mwalimu wa takwimu

Tarehe 30 Juni 2004, Mwalimu Odilia Mkude anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu hapa Kilosa kwa miaka ishirini na saba. Wengi wenu mnamfahamu kama mratibu wa utafiti wa wanafunzi. Mimi namfahamu kama mtu niliyekaa naye ofisi moja, meza zikigusana, ambaye hakuwahi hata mara moja kufunga dirisha mvua ikiingia upande wangu. Mhariri ameniomba niandike mazuri tu. Nitajitahidi.

Niseme mapema kilichotukosesha raha tangu Machi. Kamati ya fedha ilitangaza kwamba Odilia akiondoka, Siku ya Kurudisha nayo itasimama, kwa kuwa gari la chuo limechoka na mafuta yamepanda. Wasioijua siku hiyo watakuwa wanashangaa. Wale walioishi naye walijua kwamba kumuaga Odilia ni jambo moja, na kuizika kazi yake mbele ya macho yake ni jambo jingine kabisa.

Odilia alizaliwa Matombo, akasomeshwa na masista, akaja Kilosa mwaka 1977 kufundisha maarifa ya nyumbani. Enzi hizo chuo kilikuwa na kila kitu isipokuwa sukari. Ulipofika wakati wa soko huria, sukari ikajaa madukani, na chuo nacho kikaambiwa kijitafutie. Tukaanza kutoza ada, kukodisha ukumbi kwa harusi na kusaka washirika wa kufanya nao kazi. Odilia akapewa uratibu wa utafiti kwa sababu, nadhani, ndiye pekee ambaye hakuhudhuria kikao cha kugawana kazi.

Mshirika wake wa kwanza ndiye aliyedumu mpaka leo. Mradi wa Karibuni ulianzishwa mwaka 1993 na watu wawili: Shimba Ngolo, mfugaji aliyehamia Kilangali kutoka Shinyanga, na Magreti, mzaliwa wa hapa hapa Kilosa, aliyekuwa akiuza chai stendi ya Mikumi. Mpango wao ulieleweka hata na mimi. Maziwa ya familia zinazohamia kutoka kanda ya ziwa yakusanywe Kilangali, yapelekwe kwa pikapu hadi kibandani Mikumi, yauzwe kwa abiria, madereva wa malori na wenyeji. Faida iwasaidie wageni wapya: kuwafikisha kwa mwenyekiti wa kijiji, kuwaandikisha watoto shule, kuwapeleka akina mama kliniki. Wanafunzi wetu wangetafiti wageni hao wanahitaji nini, na wenyeji wanawapokeaje.

Odilia akataka kuanza kwa kishindo. Aliamua kwamba wageni wapokelewe wakiwa wanashuka tu kwenye treni. Basi kila asubuhi treni ya kutoka bara ilipoingia, ungewakuta wanafunzi stesheni na sufuria la uji na kitambaa kilichoandikwa KARIBUNI WAGENI. Walipokea kwaya nzima iliyotoka Gulwe, ikanywa uji wote na kuimba wimbo wa shukrani. Walimpokea bwana mmoja mwenye cheo akirudi likizo, wakamuuliza kama angependa kusaidiwa kutafuta pa kuishi. Yule bwana ana nyumba tatu mjini.

Siku moja treni ilichelewa. Mkuu wa stesheni akatoka kueleza kwamba imesimamishwa nje kidogo ya mji, kuna kundi la ng'ombe limegoma kutoka relini. Odilia akauliza ni ng'ombe wa nani. Akajibiwa ni wa hawa hawa wanaohamia, wanaotembea na mifugo yao. Jamani! Wiki nzima anangojea watu washuke garini, kumbe watu wako nyuma ya ng'ombe wao, kwa miguu, na sasa ndio wamelisimamisha hilo gari lenyewe. Alikunja sketi yake, akaamuru sufuria libebwe, wakakimbia wote kando ya reli. Nusu ya uji ilimwagika. Bakuli la kwanza alipewa bibi mmoja aliyekuja na wadogo zake Shimba; ndiye mama yao mzazi, Bibi Marselina. Akanywa, akashukuru, akasema, mwanawe mmoja akitafsiri, umekosa maziwa.

Bibi Marselina huyo ndiye aliyetuundia Siku ya Kurudisha, ingawa hakukusudia. Mwaka ule wanafunzi walimuuliza maswali mpaka jua likazama, akajibu yote. Mwaka uliofuata likaja kundi jipya na maswali yale yale. Bibi akakataa kufungua mdomo. Kupitia kwa Shimba, kwa kuwa Kiswahili chake ni cha salamu tu, alisema ameshajibu. Maneno yake yalichukuliwa na kijana mmoja mrefu, na mpaka leo hajamwona akirudi. Sasa hawa wamekuja kuchukua mengine, yale ya kwanza yameliwa na nani?

Odilia alirudi ofisini moja kwa moja, akaanza kupekua. Ripoti ya mwaka uliopita ilikuwa kabatini, nyuma ya kiti changu, imejaa vumbi. Kesho yake akaweka sheria: mwanafunzi aliyeuliza watu maswali atarudi kwao, atasimama, ataamkia wazee mmoja mmoja, kisha atawasomea alichokiandika. Wakikikataa, anarekebisha. Asiporudi, hafaulu. Wanafunzi waliiogopa siku hiyo kuliko mtihani wa taifa. Nimeona kijana wa Dar es Salaam, mjuzi wa kila kitu, akitoa shikamoo kwa mtoto wa darasa la tatu kwa woga.

Odilia mwenyewe naye hakujiondoa katika kujifunza. Alijitafutia salamu za Kisukuma, akawa anawasalimia watu mwangaluka, salamu ya asubuhi, saa kumi jioni, kwa sauti kubwa na uso wa fahari. Walimwitikia kwa heshima zote, kisha wakageuka kucheka.

Siku ya Kurudisha iliyonyamazisha wabishi ilikuwa ile ya mwanafunzi wetu Nickson. Wakati huo mradi ulikuwa taabani, kwani wenyeji wa Mikumi hawakununua maziwa, na Shimba alikuwa ameshamwambia Magreti wafunge kibanda kabla ya aibu. Nickson alitafiti likizo nzima, akaja na jibu safi lenye michoro: tatizo ni bei. Ripoti ile niliipitia mimi na nikaipa alama nzuri. Akaisomea pale kibandani, wafugaji wa Kilangali upande huu, akina mama wa Mikumi upande ule.

Magreti akaguna. Akasema wamekaa kimya kwa kuogopa kuwaudhi wageni, lakini bei si neno. Maziwa yananuka moshi, ukipika nayo chai unadhani nyumba inaungua. Upande wa pili pakazuka minong'ono, kisha Bibi Marselina akasema kitu kilichomfanya Shimba ashike kichwa. Vibuyu vya maziwa kwao husafishwa kwa kufukizwa moshi. Vya nyumbani hufukizwa kidogo. Lakini haya ni maziwa ya kuuzia wenyeji waliowapokea, kwa hiyo kila mama alifukiza mara mbili, mwingine mara tatu, ili wasije wakaonekana wachafu. Kadiri wateja walivyopungua ndivyo walivyozidi kufukiza!

Wee, siku hiyo palichekwa. Magreti alicheka mpaka akakaa chini, na mama mmoja wa Kilangali akakaa pembeni yake wakawa wanapigana viganja. Tangu hapo kibanda kina madumu mawili, la moshi kidogo na la moshi mwingi, kwa sababu yalipopunguzwa moshi madereva wa malori wakalalamika kwamba yamekosa utamu. Kibanda hakikufungwa. Leo kuna vibanda vitatu, Shimba amekuwa mjumbe wa kamati ya shule, na wanafunzi kutoka vyuo vingine wanaomba kuja kutafiti kwetu.

Kwa hiyo mtanielewa nikisema tangazo la kamati lilituuma. Odilia hakulalamika. Alisafisha meza yake taratibu, na siku hizo hata dirisha alilifunga. Hapo ndipo nilipojua ameumia.

Siku ya Kurudisha ya mwisho ilifanyika Kilangali Jumamosi iliyopita, Mkuu wa Chuo akiwepo. Wanafunzi walipomaliza, Bibi Marselina akaomba asimame. Siku hizi anatembea kwa fimbo. Akatusalimia wote, kila mtu kwa zamu yake, Shimba akitafsiri, kisha akasema na wao wamefanya utafiti. Wamekwenda kwa majirani, kwa wanafunzi wa zamani, kwa Magreti, wakauliza habari za Mwalimu Odilia, na kwa kuwa sheria ni sheria, wamerudisha.

Walichokipata ni hiki. Mwalimu hutia sukari nyingi mno kwenye chai. Akicheka hutoka machozi. Salamu zake za jioni ni za asubuhi, na waliamua zamani wasimsahihishe kwa sababu zinawafurahisha. Na katika miaka yote hakuwahi kuondoka Kilangali bila kutaja siku atakayorudi, wala hakuwahi kuitaja asirudi.

Kisha yakaja mapendekezo. Wamesikia kwamba gari la chuo halina mafuta. Pikapu ya maziwa huenda Kilosa kila Jumamosi na kurudi na madumu matupu. Mwanafunzi anayeweza kukaa na madumu ataletwa bure. Na kuanzia mwaka huu, mwanafunzi asiyetaja siku ya kurudi hatajibiwa swali hata moja, si Kilangali, si Mikumi. Mkuu wa Chuo alisimama, akaamkia wazee kama mwanafunzi, akasema Siku ya Kurudisha inaendelea. Odilia alikuwa analia, na safari hii hakuwa anacheka. Mimi nilikuwa nafuta miwani.

Mwalimu Odilia, dada yetu, ahsante kwa kutufundisha kurudi. Ukapumzike Matombo kwa raha, migomba yako istawi, wajukuu wakuchoshe vizuri, na afya isikupungukie. Dirisha nitaliacha wazi.

Lakini siku ile kabla hatujaondoka Kilangali, Bibi Marselina alikuuliza swali ulilotuuliza sisi sote kwa miaka kumi, utarudi lini, nawe ukajibu mbele ya watu: Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Pikapu imeshaambiwa ikupitie stendi ya Kilosa.