Uzi Mwekundu wa Sikioni

Fungeni dirisha, wanangu, na si kwa sababu ya baridi, mnanielewa. Hizo simu zenu nazo zitieni ndani ya pipa la unga wa shayiri, zikausikilize unga. Haya, sogeeni. Lharikyi, mwanangu wa kike, kaa nyuma yangu unishike mgongo, maana nikilala chali sauti inazama. Damdrin, kaa mbele nikuone uso. Na wewe Tsebum, mdogo wangu, acha kusimama mlangoni kama mgeni aliyekuja kuomba moto. Ingia, keti palipo pako, palipokuwa wazi miaka yote hii kwa ubishi wangu. Nisikilizeni vizuri, kwa kuwa nitasema mara moja tu. Pumzi niliyo nayo ni ya kwenda, si ya kwenda na kurudi.

Nianze na mali, kwa sababu ni fupi. Nyumba hii si yangu hata niwarithishe. Watu wa serikali walituweka humu kando ya barabara, wakabandika namba mlangoni, na siku wakitaka wataibandua. Malisho ya baba yenu yamezungushiwa seng'enge, na anayekaribia anaulizwa anakwenda wapi na nani kamruhusu. Mifugo mnajua ilikokwenda. Kwa hiyo shada langu la marijani ni la Lharikyi, asiliuze hata njaa ikigonga mlango, na wakati wake ukifika ampe mwanawe Yudron. Birika la shaba ni la Damdrin, mnywaji wa chai wa ukoo, na linavuja mdomoni, usije ukasema mama hakukuambia. Pipa la kusukia siagi mpeni yule mjane jirani yetu, alifanye hata kigoda, maana siagi yetu siku hizi inatoka dukani ikiwa imefungwa karatasi, nayo haina harufu ya kitu chochote. Ndiyo mali yote ya mwanamke aliyekuwa akitoka hemani asubuhi akakuta mlima mzima mweusi kwa manyoya ya yaki wake, ng'ombe wetu wa baridi. Msicheke. Au cheka, Damdrin, cheka tu. Nilikaa miaka mingi bila kukusikia ukicheka.

Amebaki mnyama mmoja, na huyo harithiwi na mtu. Yeye ndiye niliyewaitia.

Lharikyi anakumbuka, wewe Damdrin ulikuwa huna fahamu. Ulikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, homa ikakuangusha, tabibu akafunga mkoba wake akaondoka bila kunywa chai, nami nikajua maana yake. Lama wetu mzee, yule mtawa aliyetuombea sote, akaniambia, mama, fungua uhai mmoja, huenda na huu ukafunguliwa. Nikaenda zizini nikamchagua ndama dume, yule mwenye baka jeupe kwenye paji, nikamtoboa sikio, nikampitisha uzi wa sufu nyekundu niliousokota kwa vidole hivi, nikamwambia mlima ukisikia: kuanzia leo hutwikwi mzigo, huuzwi, huchinjwi, nenda ukale nyasi mpaka uzichoke. Ukapona, ukala bakuli mbili za uji ukaomba ya tatu. Kwa watu wetu hilo si jambo la kuchezea. Uzi ule ni kiapo, na tangu siku ile kila nilipomwona ndama wangu akishuka kunywa maji nilisema moyoni, mwanangu mzima.

Kisha ukaja ule mwaka, na mniwie radhi nikiupita mbio. Walikuwa wamekwisha kuifunga shule yetu ndogo ya bondeni, watoto wakapelekwa bweni la mbali wangali wananuka maziwa, wakawa wanarudi likizo hawajui kuniomba maji kwa lugha ya nyumbani. Damdrin akawakusanya hemani majira ya baridi, akawafundisha herufi zetu kwa kuchora kwenye unga. Basi. Hilo ndilo kosa lake lote. Mwacha asili ni mtumwa, ndivyo wasemavyo wahenga, lakini kwetu anayeikumbuka asili ndiye hutiwa pingu. Walimchukua kabla chai haijachemka. Nikauliza anapelekwa wapi, sikujibiwa. Nikaomba apelekewe koti, wakaniambia nirudi nyumbani. Hukumu yake niliisikia ikiwa imekwisha kutolewa, sijui na nani, sijui chumba gani. Na kabla theluji haijayeyuka wakatuambia wafugaji wote washuke mlimani, mifugo yote iuzwe, asibaki hata mmoja, na wenye wanyama wa uzi wasilete ushirikina wao.

Malori yakaja. Mimi sikuweza kutazama, nilijifunika blanketi kichwani, na Tsebum ndiye aliyeswaga kundi mpaka kwenye ua wa kupakilia. Kesho yake nikaenda pale nikiwa peke yangu, nikaukuta matopeni uzi wangu mwekundu, umekatwa kwa kisu.

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nilisema, ndugu yangu kamuuza aliyekombolewa, kauza uhai wa mwanangu, na ndiyo maana mwanangu hatarudi. Nikauosha ule uzi nikauweka ndani ya hirizi yangu hapa kifuani, uwe shahidi siku ya siku. Tsebum akija na nyama namfungia mlango. Mkewe alipojifungua sikwenda. Akifa mtu kijijini, yeye akikaa upande huu mimi nakaa ule. Nilimwita mchinjaji mbele ya watu, naye akainamisha kichwa akaenda zake, nami nikadhani ni haya. Hata Damdrin alipoachiliwa akarudi, sikumfungulia mjomba wake mlango. Na mwezi uliopita, nilipoanza kutema damu, nikasema na nikarudia, mwili wangu Tsebum asiushike.

Wanangu, nawaambia ukweli, sikuogopa kufa. Niliogopa kufa na hasira ile. Mnajua watawa wanavyotufundisha, moyo unaoondoka nao ndio unaozaliwa nao tena. Niliwasha taa za siagi nikimwombea kila kiumbe, mdudu na mbwa na hata askari, nikifika kwa ndugu yangu ulimi unakwama kama mfupa kooni. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ya nafsi yangu.

Juzi mchana huyu bwana akaja akasimama pale mlangoni, mvi kichwa kizima, akasema, "Dada Drukmo, hata maiti yako unaninyima?"

Nikamwambia, "Nenda kamshike yule ndama uliyemla."

Akasema, "Ndama gani wa kuliwa? Yupo. Kazeeka. Mkorofi kama wewe."

Nikamtukana. Mnajua nilivyotukana, Lharikyi aliziba masikio. Akangoja nimalize, akaketi kizingitini, akanieleza kwa sauti ya chini. Kwamba alfajiri ile, kabla malori hayajafika, alimtoa mwenye baka kundini akampitisha kwenye barafu hadi bonde ambalo silitaji hata humu ndani, na wale wazee wanaoishi pale wakitafakari wakampokea. Kwamba alimkata uzi kwa mkono wake, kwa sababu mnyama mwenye uzi anaulizwa ni wa nani, lakini asiye na uzi ni mpotevu tu wa milimani. Mkono ulikuwa umekufa ganzi kwa baridi, akautia uzi mfukoni akidhani umeingia, kumbe ulining'inia ukaja kuanguka pale uani. Na ili kichwa kimoja kisipungue, alimtoa yaki wake mwenyewe, yule jike aliyekuwa akikamuliwa kwa ajili ya watoto wake, akampakia lorini.

"Na kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nikwambie wewe? Wewe, dada, ukifurahi huimba, na ukiimba bonde zima linasikia."

Ni kweli, msinikodolee macho, ni kweli. Wale askari wa kuulizauliza walikuwa wanakuja kwangu kila mara kwa ajili ya Damdrin, na mnyama akikosekana wangesema tumekaidi amri, wangemwongezea mwenzenu kifungo. Waliniona nikilia na kumlaani ndugu yangu, wakaamini, kwa sababu machozi yalikuwa ya kweli. Hasira yangu ndiyo iliyomficha. Yeye akaibeba, mwaka baada ya mwaka, akiitwa mchinjaji barabarani. Kimya kingi kina mshindo, lakini mshindo wa kimya chake sikuusikia mpaka juzi.

Jana Damdrin akapanda pikipiki na mjomba wake, wakawaambia askari wa kizuizi cha barabarani kwamba wanakwenda kuchuma dawa mlimani. Amerudi na haya. Tazameni. Manyoya ya shingoni, yana harufu ya mvua na mavi na nyasi. Anasema pembe moja imevunjika, na baka limekuwa kubwa, na alipomkaribia alimfukuza mpaka kwenye mwamba. Ah, wanangu! Nilicheka hadi nikapaliwa. Kila kichwa cha mnyama na cha mtu katika nchi hii kimehesabiwa, na huyo mmoja wamemkosa.

Basi usiku nimelala. Kifua kimekuwa chepesi, nimemtaja kila kiumbe mpaka mwisho na ulimi haukukwama.

Sasa shikeni maneno yangu. Yule mnyama msimrudishe, msimpige picha, msimfunge uzi mwingine. Mwacheni afe kwa uzee wake. Damdrin, usikusanye watoto tena, vidole vyako nimeviona walivyovifanya. Mfundishe Yudron peke yake, hapa jikoni, kwenye unga, halafu mkande unga mle. Yeye atamfundisha mwingine. Mwili wangu ataushika Tsebum. Msiuchome, aupeleke juu mlimani tai waule, ndiyo desturi yetu, wakapate nao riziki; wenye amri wakisema waende watu wachache, waende wachache, ndege hawaombi kibali. Msilie wiki saba zile za roho kutafuta njia, machozi ya walio hai ni mvua ya mawe njiani kwangu. Jina langu litajeni leo kadiri mpendavyo, nikishaondoka mlinyamazie, maana kwetu la marehemu halitajwi.

Maji kidogo. Ah... inatosha.

Lharikyi, nifungulie hirizi. Huo hapo, bado mwekundu. Niliuweka uwe shahidi wa kumshitaki, kumbe ulikuwa shahidi wa kumtetea. Tsebum, lete mkono. Lete, mdogo wangu, usiufiche, kila mzee hapa ana uzi mkononi, hakuna atakayeuliza. Kuanzia leo hutwikwi mzigo wangu tena. Huuzwi. Hu... huchinjwi kwa ulimi wa mtu, na anayekusema amenisema mimi. Nisaidie fundo, Lharikyi, vidole vimelala. Kaza. Siyo hivyo, utamuumiza. Hapo.

Muwe na afya, wanangu. Mle mshibe. Milima iwaone... iwaone mkirudi. Nawapa radhi zangu zote, sikubakiza hata...

Damdrin. Yaliyokuwa ya siri nimekwisha kuyasema. Fungua dirisha.