Jiwe Lililokuwa Nyuma ya Mlango

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, ndiye ninayetunza vyeti na tarehe za familia yetu, na nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu kuanzia siku aliyozaliwa hadi siku aliyotuacha, bila kuongeza na, kama alivyoniagiza mwenyewe, bila kupunguza.

Dada yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, saa moja asubuhi, katika chumba cha pili cha nyumba iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali alikofanya kazi baba, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, ambao leo nimebaki peke yangu. Mama yetu alikuwa mtu wa usafi wa kutisha, sufuria zake zilisuguliwa kwa majivu hadi ukajiona meno, naye alimfundisha binti yake kwamba chombo kichafu kinamsema mwenyewe hata akiwa hayupo, somo ambalo naomba mlikumbuke, kwa kuwa tutalirudia.

Alianza shule ya msingi Januari 1957, akamaliza 1964, akaingia sekondari ya wasichana mwaka uliofuata, na alipomaliza kidato cha nne Novemba 1968 mwalimu mkuu aliandika katika cheti chake, ambacho ninacho, kwamba ni msichana mwaminifu asiyependa kukadiria. Aliuza vitambaa dukani kwa miaka miwili, akipima kila mita mara mbili mpaka wateja wakachoka kusubiri, kisha tarehe 1 Julai 1971 akaajiriwa na ofisi ya vipimo ya mji huu, na baada ya mafunzo ya miezi tisa akawa mkaguzi, mwanamke wa kwanza katika ofisi hiyo.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka madukani, mabuchani na maghalani na sanduku la mbao lenye mawe ya ofisi, tunayaita mawe ingawa yalikuwa ya shaba, kuanzia la gramu kumi hadi la kilo ishirini, kuyaweka juu ya mizani ya mfanyabiashara, na kugonga muhuri ikiwa mizani inasema kweli. Wauza nyama walimwita Mama Mizani, na walikuwa na mzaha wao kwamba ukimsalimia anaipima kwanza salamu yako ndipo aitikie. Kila Ijumaa saa nane mchana aliyatoa mawe yale, akayapanga juu ya gazeti, akayasugua kwa unga wa kusafishia shaba mpaka yakang'aa kama yametoka kiwandani siku hiyo, na mkuu wa ofisi aliwaleta wageni kuyaona.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na kibanda karibu na posta, nasi tulicheka kwamba katika nyumba ya saa na mizani hata chumvi itaingia chunguni kwa miadi. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1976, ambaye ni wakili, wa pili mwaka 1979, aliyefariki akiwa mchanga, na wa mwisho, binti, mwaka 1983, ambaye ni mwalimu. Shemeji alitutoka tarehe 24 Mei 1999, naye alimpenda mke wake bila kelele, na hadi siku ya mwisho hakuuliza kwa nini mlango wa nyumba yao ulifungwa jinsi ulivyofungwa.

Ndugu zangu, hapa historia ya watu wengi huenda moja kwa moja kwenye kustaafu, na ningependa sana kwenda huko.

Tarehe 9 Februari 1988 marehemu alikwenda kukagua mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu mrefu, mjane mwenye binti mmoja, aliyekuwa na uga wake nyuma ya gereji. Mizani ilikuwa mpya, aliyoinunua mji mwingine, na jiwe la kilo ishirini lilipowekwa juu yake ilisoma pungufu kwa gramu sitini, maana yake, kwa macho ya sheria, ni kwamba aliwaibia waliomuuzia vyuma. Wafanyabiashara wengine wakiambiwa hivyo walikaza skrubu mpaka mizani ikakubaliana na jiwe, wakashukuru, wakaendelea, lakini yeye alikataa, akasema, "Dada mkaguzi, mizani yangu haina kosa, jiwe lako ndilo limekonda," na watu waliojaa pale ugani wakaangua kicheko, mmoja akapaza sauti, "Lipelekeni hospitali basi, huenda lina minyoo!" Marehemu naye alicheka, na aliniambia baadaye kwamba kicheko kile ndicho alichokisikia kila siku tangu mwaka 1990.

Kesi ilisikilizwa tarehe 22 Machi 1988. Mshitakiwa aliomba mizani yake ipimwe kwa jiwe la mji mwingine, hakimu akamsomea kifungu kinachosema kwamba jiwe lenye muhuri wa ofisi ni sahihi na haliulizwi, naye akajibu, "Mheshimiwa, kilo haikuzaliwa na muhuri, kilo ilikuwepo." Kisha akamgeukia dada yangu kizimbani na kumwuliza kama analiapia jiwe lile, naye akasema analiapia kama anavyoliapia jina lake. Mshitakiwa alipewa kuchagua faini au kifungo cha miezi sita, na faini hakuilipa, kwa sababu alisema akilipa amekubali. Nje ya mahakama, binti wa mshitakiwa, wa miaka kumi na mmoja, aliyekuja na sare ya shule, alilitazama sanduku la mbao mikononi mwa marehemu na kuuliza, "Ndilo hilo?" na dada yangu akamjibu, "Ndilo." Mnunuzi wa vyuma alifia gerezani kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 17 Julai 1988, na binti yake akachukuliwa na ndugu, na mtaani likabaki neno moja tu juu yake, kwamba alikuwa mwizi.

Sheria ilitaka mawe ya ofisi yapelekwe makao makuu kila baada ya miaka miwili yakalinganishwe na jiwe mama, lakini kila zamu ilipofika gari halikupatikana, na kila zamu mkuu alitia sahihi kwamba yamepelekwa. Gari lilipatikana mwaka 1990. Tarehe 5 Septemba lile jiwe la kilo ishirini lilirudi na karatasi ndogo, ambayo marehemu aliitunza na mimi ninayo mfukoni sasa hivi, imeandikwa kwamba jiwe limepungua gramu sitini na mbili, sababu, kusuguliwa kwa muda mrefu, na kwamba mawe hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, basi. Hakuna aliyeiba, ndugu zangu, wala hakuna aliyekula rushwa. Ni mikono yake mwenyewe, na usafi aliofundishwa na mama, Ijumaa baada ya Ijumaa, vilivyolila jiwe lile mpaka likamshuhudia uongo mtu mkweli.

Alikwenda kwa mkuu wake siku hiyo hiyo, na jibu alilopewa alinisomea neno kwa neno, maana aliliandika: "Mwenzangu, siku ile jiwe lilikuwa na muhuri, na lenye muhuri ndilo kilo ishirini. Sheria haikukosea, na wewe hukukosea. Funga mlango ukitoka." Marehemu alikuwa na watoto wawili shuleni, aliogopa kufukuzwa, aliogopa kushitakiwa, akaufunga mlango.

Tangu siku hiyo, majirani, mliishi na mtu mwenye hofu bila kujua anaogopa nini. Ofisi ilipotaka kulitupa jiwe lile aliliomba, akaliweka nyuma ya mlango wa mbele wa nyumba yake, na kila aliyepiga hodi alisikia kwanza shaba ikiburutwa sakafuni, nanyi mlidhani ni wezi anaowaogopa, mkamtania kwamba mwizi wa kuibia saa mbovu hajazaliwa. Hakuwaogopa wezi. Aliogopa yule binti wa mnunuzi wa vyuma, msichana wa miaka kumi na mitatu, kisha wa miaka kumi na minne, kisha ishirini, alimwongezea umri kila mwaka bila kukosea, na akiona msichana wa umri huo amesimama kwenye foleni ofisini, alikwenda kujifungia stoo mpaka aondoke. Buchani alitazama pembeni nyama ikipimwa. Siku aliyostaafu, tarehe 3 Machi 2009, alipewa cheti cha uadilifu, na mliokuwepo mnakumbuka kwamba alikiacha mezani mpaka mtu akamfuata nacho.

Aliniambia mimi peke yangu, tarehe 2 Juni 1999, siku tisa baada ya kifo cha shemeji, nami nilinyamaza naye. Alipostaafu aliandikia mahakama barua nne, nakala ninazo, na majibu yalikuwa kwamba muda wa rufaa umepita, mwenye haki ya kukata rufaa ni aliyehukumiwa, na aliyehukumiwa amefariki. Mwanawe alipomtuliza kwamba kila zama zina haki yake na ile ndiyo iliyokuwa haki ya wakati ule, alimjibu, "Mwanangu, kama kila mtu ana haki yake, basi kila mwenye duka aje na kilo yake, nami nikalale." Nikamwuliza siku moja, dada, na lile jiwe mama la makao makuu, lenyewe linapimwa kwa kitu gani? Aliutazama mlango, akasema hilo ndilo linalomtisha kuliko yote, kwamba jiwe la kweli lipo, ana hakika lipo, lakini hakuna mkono wa mtu uliowahi kulishika bila kulipunguza.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Oktoba 2019, akalazwa mara tatu, na mara ya mwisho ilikuwa tarehe 28 Aprili 2023. Akiwa wodini alimpata kwa barua yule binti wa mnunuzi wa vyuma, ambaye sasa ni mtu mzima, akamwandikia kila kitu nilichowasomea, akamwomba aje siku ya mazishi, si kabla, kwa maneno haya: "Njoo siku ambayo sitaweza kujitetea." Barua ilipokewa, sahihi ya aliyeipokea tumeiona, jibu halikuja. Dada yetu alifariki tarehe 11 Mei 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na nne, miezi miwili na siku nane.

Juzi familia ilikaa. Wifi yake alisema marehemu hasemwi vibaya, na hilo tunalijua wote tangu utotoni. Mwanawe mkubwa, ambaye namheshimu, alisema, "Mjomba, mama hakuvunja sheria yoyote, wewe soma tarehe, hukumu tuachie sisi." Ndipo binti yake akauliza, "Na marehemu yule mwingine, yeye anasemwa?" Sikulala vizuri, sikatai, kwa sababu ninawavua nguo watu wa damu yangu mbele za watu, na sijui kama jiwe ninalopimia ni zima. Lakini mtu yule aliitwa mwizi hadharani, na haiwezekani asafishwe chumbani.

Kwa hiyo nasema, kwa niaba ya marehemu na kwa sauti ya kuwafikia waliosimama nje: mnunuzi wa vyuma chakavu aliyehukumiwa tarehe 22 Machi 1988 hakuwa mwizi, mizani yake ilikuwa sahihi, na sisi ndio tuliokosea. Nawe binti yake, kama umo humu, sura yako siijui, na kila mwanamke wa makamo aliyeingia leo nimemtazama kwa hofu. Hatukuombi utusamehe, maana msamaha wa kuombwa mbele ya jeneza ni wa kulazimishwa. Jiwe lipo mezani hapa mbele, pamoja na karatasi ya mwaka 1990 nitakayoiweka juu yake nikimaliza, ni vyako, uvichukue leo au siku yoyote, au uviache.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa muuguzi aliyemwandikia barua ile mkono wake uliposhindwa, majirani mliobisha hodi na kusubiri bila kuchoka, na wafanyakazi wenzake wa ofisi ya vipimo, pamoja na wale ambao leo nimewaudhi.

Dada yangu, asubuhi ya leo nililisogeza jiwe kwa mikono yangu, ni zito bado, na mlango wako nimeuacha wazi. Pumzika. Atakayepiga hodi sasa tutamwitikia sisi.