Mshairi Aliyeogopa Kumwita Binti Yake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo nawaomba mpunguze moto jikoni, mziache nguo kwenye ndoo kidogo, mkae. Tuna msiba. Mwalimu Avudaiyappan amefariki. Amefariki Jumatano asubuhi nyumbani kwa binti yake, hapa hapa Saidapet, mtaa wa nyuma ya soko la maua. Alikuwa na miaka tisini na ushee.

Najua kuna wanaouliza, Avudaiyappan yupi tena. Kwa jina hammjui. Mnamjua kwa wimbo. Ule wimbo ambao shangazi zetu huuimba wameshikana mabega, wamemzunguka marehemu, nywele zimefumuliwa. "Nimekuita mlangoni, nimekuita kisimani, mwanangu, leo masikio yako yamekuwa mazito." Wimbo huo. Bibi yangu alipokufa ndio uliomsindikiza, na wengi wenu pia mmezika watu kwa wimbo huo. Tulidhani ni wa kale, hauna mwenyewe. Mwenyewe alikuwa anaishi nyuma ya soko la maua, na alipousikia unaanza nyumba ya jirani alikuwa akiziba masikio kwa ncha ya shuka.

Wimbo huo ni wa sinema, wapendwa. Ulitungwa siku zile sinema zetu za Kitamil zilipokuwa ndiyo kwanza zimejifunza kusema.

Haya nitakayosimulia nimeyapata kwa binti yake, mama Vadivammai. Nimekaa naye siku hizi za msiba, tunachambua mchele, yeye anasema, mimi nasikiliza. Pale alipotaka kunyamaza nilimwacha anyamaze.

Mwalimu alizaliwa upande wa Tirunelveli. Alikabidhiwa kwa kundi la maigizo angali mdogo, kama watoto wengi wa nyumba zisizo na shamba. Akakulia jukwaani, akawa mfundishaji wa nyimbo, ndiyo maana aliitwa Mwalimu hata na watu waliomzidi umri. Na huko kwenye kundi alifundishwa sheria moja. Kilio hakiimbwi kikaachwa hivyo. Ukishakiimba, mstari wa mwisho uwe wa baraka. Nyumba hii iwe salama, aliyeimba aishi, waliosikia wafike kwao wazima. Mstari huo unafunga mlango. Usipoufunga, umekiita kifo na hukukiambia kirudi kilikotoka.

Mtasema ni imani za wazee. Sawa. Lakini nani kati yetu anaimba wimbo wa msiba ndani ya nyumba isiyo na msiba? Tusidanganyane.

Basi Mwalimu akaja mjini kwetu, Madras. Alikuwa kijana, ameoa karibuni, mkewe aliitwa Isakkiammal. Akapewa kazi kwenye studio moja ya Kilpauk, atunge nyimbo za picha moja ya mfalme na mkewe. Sasa sikilizeni jinsi walivyofanya kazi siku hizo. Mwigizaji aliimba mwenyewe, papo hapo, mbele ya kamera. Taa hazikutosha, hivyo walitumia jua, na juu walitandika kitambaa cheupe. Wapiga muziki walijificha nyuma ya kichaka cha karatasi. Na kulikuwa na mtu aliyeajiriwa kazi moja tu, kufukuza kunguru, kwa sababu kunguru akilia, sauti yake inaingia kwenye wimbo wa malkia. Mtu huyo alikuwa na maneno. Aliwarushia vijiwe huku anawaambia, "Nendeni zenu, nyinyi hamkuandikiwa sehemu."

Malkia wa picha hiyo alikuwa Sornavalli. Binti wa jukwaani, sauti yake ilifika mpaka kwa wauza karanga waliokaa nje ya hema. Siku ya wimbo wa kilio alikaa chini, amepakata mwanasesere aliyefungwa shuka, akaimba. "Nimekuita mlangoni, nimekuita kisimani." Wapiga muziki walilia nyuma ya kichaka chao. Ukabaki mstari mmoja, ule wa baraka. Hapo wingu likaja, jua likaondoka.

Mwongozaji wa picha alikuwa mtu wa Calcutta. Kitamil hakujua hata neno la kuombea maji, alikuwa na mkalimani. Akamtuma aulize kimebaki nini. Akaambiwa, mstari mmoja wa baraka. Akauliza kama unaongeza chochote kwenye hadithi. Wote wakamtazama Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mgeni. Picha ya kwanza. Alitaka sana jina lake lichapwe kwenye kile kijitabu cha nyimbo kinachouzwa mlangoni pa sinema. Akasema hauongezi.

Mwongozaji akasema uachwe.

Sornavalli aliinuka, akajipangusa vumbi. Alikuwa mtu wa utani. Akamwambia, "Haya Mwalimu, umeniacha mlango wazi. Nikiumwa mafua uje uniuguze wewe." Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka. Mama Vadivammai anasema kicheko hicho ndicho baba yake alikuwa akikitaja kila mara. Kwamba na yeye alicheka.

Kabla picha haijaonyeshwa, Sornavalli alishikwa na homa ya tumbo. Akafa.

Wapendwa, homa ya tumbo ilikuwa inaua watu mji mzima mwaka huo. Iliua wauza maziwa, iliua makarani. Lakini wao haikuwaimbisha kwanza. Mwalimu alipokwenda msibani, mama yake Sornavalli alimfuata mpaka barabarani. Hakupiga kelele. Alisema, "Umemlilia mwanangu angali hai. Ulimi wako ni mweusi, kijana wee. Usimwite mtu tena."

Maneno hayo yalimkaa. Kwetu hapa mtu akisemwa ana ulimi mweusi, maana yake neno lake linatimia, na linatimia vibaya. Picha ilipotoka watu walijaa. Walikuja kumlilia malkia anayemlilia mtoto, na malkia mwenyewe ameshakuwa majivu. Vijitabu vilikwisha, vikachapwa tena. Jina la Avudaiyappan lilikuwa pale ndani, na halikuandikwa kwenye kijitabu kingine chochote tena. Wenye studio walianza kumpita njiani. Mmoja alimwambia wazi, "Mwalimu, wewe ni fundi, sikatai. Lakini mimi nina watoto."

Akatafuta kazi kwenye kiwanda cha kuchapa, akawa anapanga herufi za kuchapia, zile za madini ya risasi. Alipanga nyimbo za wenzake. Nyimbo za harusi, za kubembeleza watoto, za miungu. Maneno aliyashika kwa vidole, mdomoni hayakupita. Humo alizeekea.

Mtaani nako watu ni watu. Muuza chai alikuwa akimwambia, "Kunywa, Mwalimu, ila usinisifie chai, maziwa yatakatika." Mwenye ng'ombe alimgeuza ng'ombe wake amwonyeshe mgongo. Na kuna siku alikuja mtu wa mbali, amebeba ndizi na tambuu kwenye sinia kama anakuja kuposa. Alikuwa na kesi ya shamba na ndugu yake. Akaweka sinia chini, akasema kwa adabu zote, "Mwalimu, mtaje huyu ndugu yangu mara moja tu. Hata usimwombee baya. Jina tupu linatosha." Isakkiammal ndiye aliyemfukuza mtu yule na ndizi zake. Mwalimu alikuwa amekaa kona, amejiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kwa sababu yeye, wapendwa, aliamini. Hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Wengine walitania, wengine waliogopa kidogo wakasahau. Yeye aliamini.

Vadivammai akazaliwa. Mtoto wa pekee. Siku ya kumpa jina, baba humnong'oneza mtoto jina lake sikioni. Mwalimu alitoka nje. Mjomba wa mtoto akamnong'oneza. Tangu siku hiyo Mwalimu hakuwahi kulitamka jina la binti yake. Nasema tena, hakuwahi. Alisema naye mambo ya maji, mambo ya chakula, mvua, bei ya mafuta. Alimfundisha kusoma kwa herufi za risasi. Lakini jina lake hakulitaja, na neno la heri hakumpa. Hakumwambia ukue, hakumwambia uwe mzima. Akitaka kumwita, aligonga ukuta.

"Mimi nilikuwa naitika ukuta," mama Vadivammai aliniambia, akacheka kidogo. Akaniambia pia kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akijificha makusudi. Nyuma ya pipa, juu kwenye dari, hata nyumba za watu. Alitaka baba amtafute mpaka achoke, aite. Baba alitafuta. Alitafuta huku analia, anapita uchochoro kwa uchochoro, anagonga kuta za watu. Hakuita.

Kitu alichokitaka binti yule maisha yake yote kilikuwa hicho kimoja. Baba amwite.

Siku ya harusi yake yeye na bwana harusi waliinama miguuni kwa wazee, mmoja baada ya mwingine. Kila mzee alinyunyiza mchele wa manjano akasema mwishi vizuri, mpate watoto. Wakafika kwa Mwalimu. Akanyunyiza mchele. Midomo ameifunga. Vadivammai aliendelea kuinama pale chini, anangoja, mpaka mama mkwe akamvuta bega akimnong'oneza, "Inuka, mwanangu. Heri amenyamaza." Watu wa bwana harusi walishukuru. Bibi harusi alilia, wakadhani analilia kuondoka nyumbani kwao.

Miaka ikaenda. Isakkiammal akafariki. Kisha mume wa Vadivammai akafariki naye, ghafla, moyo ulisimama akiwa kazini, mtoto wao Sendur hajamaliza shule. Matanga yalipokwisha, Vadivammai alikwenda kukaa mbele ya baba yake. Aliyoyasema aliniambia yalivyokuwa, nami nayasema yalivyokuwa.

Alimwambia, "Baba, mume wangu hukumtaja hata siku moja. Hukumwombea heri, hukumwombea shari. Na amekufa. Mama hukumtaja. Amekufa. Sasa huo ulimi unaouficha umemsaidia nani?"

Akamsogelea karibu.

"Niite," akamwambia. "Mimi ni mjane, niite sasa. Kipi kimebaki cha kuharibika?"

Mwalimu alivisugua vidole vyake, vile vyeusi vya risasi. Kisha akasema, "Kama ulimi wangu si mweusi, basi nilikunyima bure. Tangu ulipozaliwa. Bure tu." Akasema, "Usinivue hicho. Sina kingine nilichokufanyia."

Vadivammai akainuka, akaenda kupika. Aliniambia alipika wali ukaungua, akautupa, akapika mwingine.

Tangu hapo hakumwomba tena. Aliishi naye, alimwogesha, alimlisha uji wa mchele kwa kijiko alipoishiwa nguvu. Aliitika ukuta. Na nyimbo za msiba zilipoanza kwa jirani, alifunga dirisha.

Sasa Jumatano. Asubuhi alikuwa anampangusa mdomo. Mwalimu akamshika mkono, akamshika kwa nguvu asizokuwa nazo. Akafungua mdomo. Vadivammai anasema aliona meno ya juu yameshika mdomo wa chini, vile mtu anavyoanza kulisema jina Vadivammai. Aliona kabisa. Na aliona macho ya baba yake. Yalikuwa macho ya mtu aliyesukumwa mpaka ukingoni mwa kisima. Alikuwa ameamua kulisema.

Vadivammai akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa baba yake. Akamwambia, "Baba, usiniite. Naogopa."

Anasema mwili wote wa mzee ulilegea, kama aliyetuliwa mzigo kichwani. Alitikisa kichwa kukubali. Akafumba macho. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameondoka.

Nilimuuliza mama Vadivammai kama ni kweli aliogopa. Alinitazama kama naongea kitoto.

"Mwanangu, nina miaka sitini na zaidi ninalingoja jina hilo," akasema. "Nilitaka kulisikia kuliko ninavyotaka kupumua. Lakini angeniita, halafu mimi ningebaki pale mzima, sijapatwa na kitu, anaiona sura yangu. Angekufa anajua ilikuwa bure."

Akarudi kwenye mchele wake.

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Avudaiyappan amechomwa Alhamisi. Sendur, mjukuu wake, ndiye aliyewasha moto. Wanawake wa mtaa walifika wakashikana mabega kama desturi, wakamtazama mama Vadivammai kuona kama waanze ule wimbo. Yeye akatikisa kichwa kukataa. Wakalia bila wimbo, kila mmoja kwa sauti yake.

Kwa mama Vadivammai, kwa Sendur na mkewe na watoto wao, kwa wazee wa kiwanda cha kuchapa mliobaki, na kwa ukoo wote huko Tirunelveli, poleni sana. Poleni kwa kuondokewa. Sisi tulioimba maneno yake bila kumjua, na sisi tuliomgeuzia mgongo wa ng'ombe, tunaomba radhi kwa pamoja.

Kila kipindi chetu cha kumbukumbu humalizika kwa wimbo wa marehemu. Leo hatutaupiga, binti yake ametuomba. Dakika zilizobaki ni zenu. Ninyi mlio nyumbani, yupo mtu chumba cha pili, au uani, au ngazini anafagia, ambaye kwa sababu zako unazozijua mwenyewe hujamwita kwa jina lake siku nyingi. Sababu yako inaweza kuwa nzuri. Ya Mwalimu ilikuwa nzuri kuliko zote.

Zima redio, umwite.