Breki ya Pili

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda kilichovunjika, umelazwa juu ya matofali mbele ya kibanda cha kinyozi, pale pale barabara inapoanza kuteremka kwenda mjini. Anayewahi anachagua pa kukaa, anayechelewa anakalia msumari. Asubuhi hiyo hata waliowahi waliruka. Boza la maji, lile lori la bluu lenye tangi la mviringo, lilikuja, likafunga breki, likasimama. Halafu likasogea tena. Gari lilikuwa limesimama lakini maji ndani hayakuwa yamepata habari. Yalikimbilia mbele yakapiga ukuta wa tangi, na bampa likaja kutulia kiganja kimoja kutoka jiko la Birika, muuza kahawa. Vikombe vikagongana. Mtu mmoja tu alipiga makofi, naye ni Kona.

— Mara moja, alisema Kona. Mmeuona mguu? Mjomba kakanyaga mara moja, kwisha habari. Nani alisema samaki akikauka hakunjiki?

— Mimi nimeona jiko langu likitaka kuingia chini ya lori, alisema Birika.

— Jiko ulilipanga vibaya.

Kona huyu, kama humjui, ni bingwa wa mbio za magari. Si barabarani, barabarani hata baiskeli hana. Ni bingwa kwenye chumba cha gemu nyuma ya gereji, kwenye ule usukani uliofungwa mezani kwa bolti, na anapopita uani anainamisha bega kwenye kila pembe ya nyumba utadhani ana abiria. Shule aliiacha mapema. Yeye husema ilikuwa inamchelewesha.

Mjomba wake aliteremka kutoka kwenye boza akafunga mlango taratibu, kwa sababu kila kitu anakifanya taratibu, na ndiyo maana kijiweni wanamwita Taratibu. Ndiye aliyemlea Kona baada ya dada yake, mama wa Kona, kufariki. Nguo, chakula, na hata hela ya gemu ya kwanza kabisa, vyote vilitoka kwenye lile tangi. Akakaa bila kusalimia, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

— Shikamoo mjomba, alisema Kona. Mbona uso kama umemeza spaki plagi?

— Marahaba. Nipe kahawa, Birika. Saa nne natakiwa ofisini.

Kila mtu alijua saa nne kuna nini. Kampuni yenye maboza ilikuwa imenunua mashine: kiti, usukani, pedeli tatu, na kioo kikubwa kinachoonyesha barabara. Kila dereva lazima aikalie. Taratibu aliikalia mara ya kwanza akaanguka mtihani. Msimamizi alimwambia mashine imesema dereva anasita: anakanyaga breki, analegeza, anakanyaga tena. Leo ni mara ya pili na ya mwisho. Akianguka, ufunguo wa boza anapewa mwingine.

Kwa hiyo wiki nzima, kila jioni, Kona alimkalisha mjomba wake kwenye usukani wa chumba cha gemu na kumfutia ile breki ya pili.

— Mimi bado nasema kosa ni la mashine, alisema Spana, fundi wa gereji, ambaye hata akila huwa na grisi kwenye kucha. Ile mashine haina tairi. Gari lisilo na tairi litakwambiaje kwamba linateleza? Mimi gari nalisikia kwa makalio. Kiti kikihama, najua mkia umehama.

— Wewe ni wa zamani, Spana, alisema Kona. Siku hizi tairi zimo humo humo ndani. Zikiwa za baridi, gari linateleza. Zikipata moto, linashika. Ukizidisha upepo, linaruka kama mbuzi. Mimi nabadilisha kila kitu. Upepo wa tairi, ugumu wa springi, breki ngapi ziende mbele na ngapi zibaki nyuma. Nikishapanga setingi zangu, gari ni la kweli kuliko hilo boza.

— Lina kutu?

— Kutu ya nini?

— Basi si la kweli. Gari la kweli lina kutu, na ukiigusa inakuangukia machoni. Ukiona vyaelea, springi zimekwisha.

Profesa akatoka kibandani na wembe mkononi. Ni kinyozi, jina la Profesa alijipa mwenyewe, na kwa kuwa anashika wembe watu wanapozungumza naye, hakuna aliyewahi kubisha.

— Nyote mnapapasa gizani, alisema. Tatizo ni kioo. Ndani ya kioo hakuna mvutano wa ardhi. Ndiyo maana kwenye kioo changu mteja anajiona mzuri, akitoka nje uso unashuka. Gari lililo ndani ya kioo halina uzito, sasa unalifungia breki ya nini? Ni kama kukifunga kamba kivuli cha mbwa.

— Uzito upo, alisema Kona. Ninauona kwa namba.

— Namba gani?

— Za mafuta. Mimi kabla ya mbio naweka lita tano tu. Mafuta mengi gari linakuwa zito, kona inakataa. Wajinga wanajaza tangi halafu wanalaumu usukani.

Taratibu akainua macho kutoka kwenye kikombe.

— Na ukijaza nusu, yanacheza?

— Nini yanacheza?

— Hayo mafuta.

— Mjomba, nimekwambia ni namba. Namba inacheza wapi?

Taratibu akazungusha kahawa kwenye kikombe, akaiangalia inavyopanda upande mmoja na kurudi.

— Mnaona? alisema Spana. Hata mzee mwenyewe hana imani. Mimi nadhani wale wamepanga. Mashine inasoma jasho kwenye usukani. Ikigundua jasho la mtu aliyekula chumvi nyingi, inamwangusha, wapate kuajiri vijana wa bei nafuu.

— Inasoma na ndevu, alisema Profesa. Ndiyo maana leo nimemnyoa bure. Asiyefunzwa na mamaye, hufunzwa na kinyozi.

— Na mwenye kuitengeneza hajaoa, aliongeza Birika, akipepea jiko. Mwenye mke hawezi kumlaumu mtu kwa kusita.

Walicheka, lakini kwa kifupi, maana Taratibu hakucheka. Kona aliliona hilo. Kama mzee akianguka tena, mtaa mzima utasema bingwa alimfundisha. Na boza likienda, nani atamlisha bingwa? Hilo la pili alilisukuma pembeni haraka, akainuka, akalivuta tofali moja la akiba na kuliweka mbele ya mguu wa kulia wa mjomba wake.

— Tunarudia mara ya mwisho. Hili ni pedeli. Mimi ni barabara.

— Mbele za watu, Kona?

— Watu hawa? Hawa ni miti ya pembeni. Haya. Unateremka, unateremka, kona ya kushoto hiyo. Breki.

Mguu wa Taratibu ukakanyaga tofali. Ukalegea kidogo. Ukakanyaga tena.

— Tayari umeanguka, alisema Kona. Mashine imesema unasita. Tena. Lori mbele yako. Breki.

Ukakanyaga. Ukalegea. Kona akamgonga gotini kwa kijiko cha Birika, si kwa nguvu.

— We mtoto, alisema Spana. Unampiga mzee aliyekubeba mgongoni?

— Nampiga mguu, simpigi mzee. Mguu wenyewe ndio mkaidi. Tena, mjomba. Breki.

Hapo hapakuwa na utani tena. Profesa aliukunja wembe. Jasho lilimtoka Taratibu kwenye kichwa kilichonyolewa asubuhi ile ile, likateremka hadi shingoni. Breki. Breki. Breki. Na kidogo kidogo ule mguu ukatii. Ukakanyaga mara moja ukabaki chini, kama mguu wa mtu mwingine. Kona akaita kona za kushoto, za kulia, akaita ng'ombe barabarani, akaita mtoto na mpira. Mara moja. Mara moja. Mara moja.

— Umeiva, alisema Kona. Mjomba, umeiva. Ukifika kule ni kukaa na kupokea ufunguo wako.

Taratibu akafuta jasho, akasimama, akautoa ufunguo mfukoni. Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja na kiroba cha mkaa kichwani. Ni mpishi wa shule iliyo juu, ile iliyopelekewa maji asubuhi. Hajawahi kukaa kijiweni; huwa anapita tu na kuwaita wavivu.

— Hamjambo, wavivu. Baba, mapipa yamejaa, asante. Umebakiwa na maji?

— Nusu tangi, alisema Taratibu. Ni ya soko la chini.

— Nami nashuka huko huko. Nipandishe basi, kichwa kinaniuma na mzigo huu.

Akakitua kiroba. Lakini hakuusogelea mlango wa boza. Aliliangalia tangi, akaliangalia bampa lilivyokaribia jiko, akaiangalia barabara inavyoteremka hadi inapopinda na kupotea.

— Ila nikuulize kwanza, baba. Leo pale kwetu ulikaribia kulibeba geti. Gari lilisimama, nikageuka kufungua, likanifuata. Miaka yote unaleta maji hujafanya hivyo. Huwa unakanyaga, unayangoja maji yapige, unakanyaga tena. Mimi huwa nahesabu kwa masikio nikiwa jikoni. Leo nimesikia moja tu. Sasa nikikaa humo ndani na huu mteremko, utakanyaga mara moja au mara mbili?



Spana alianza kuchokonoa grisi kwenye kucha. Profesa, mtu mwenye methali hata ya kukohoa, aliitafuta moja akaikosa. Kona alifungua kinywa, na neno la kwanza, "mara", likatoka. La pili likabaki ndani. Aliiona ile breki ya pili aliyoifuta wiki nzima, jioni kwa jioni, kwa majigambo na kijiko. Aliona lita zake tano ambazo ni namba. Halafu akalitazama tangi.

Taratibu alikaa tena. Akauweka mguu juu ya tofali. Wote wakauangalia ule mguu. Ukakanyaga. Wakangoja. Ukatetemeka juu ya tofali, haukulegea wala haukukaza.

— Siujui tena, alisema Taratibu. Zamani haukuwa unaniuliza.

— Mjomba, ni rahisi, alisema Kona, lakini sauti ilikuwa ya mtu mdogo. Njiani unakanyaga mbili. Kule ofisini unakanyaga moja.

— Wewe kona unaiwaza? Au mikono inakwenda yenyewe?

Kona akaitazama mikono yake.

— Basi. Na mguu ni hivyo hivyo.

Taratibu akaliendea gurudumu la nyuma, akalisukumia jiwe, akalikanyaga hadi likakaza. Akarudi. Akauweka ufunguo kwenye benchi, kando ya mpwa wake.

— Nakwenda kwa miguu. Kule wanautaka mguu wako, nitawapelekea. Hili boza linautaka wangu. Nikiupata njiani nitarudi kuliteremsha.

— Na saa nne?

— Ndiyo maana naondoka sasa.

Akaondoka. Kwa mara ya kwanza waliomjua walimwona akitembea haraka. Alipofika kwenye mpindo hakugeuka, na barabara ikammeza.

Mpishi akakaa, na kwa kuwa alikuwa amechelewa, akakaa kwenye msumari. Akasogea.

— Na wewe, alimwambia Kona, si ndiye bingwa? Ufunguo huo hapo. Huwezi kututeremsha?

Siku nyingine yoyote Kona angejibu kabla swali halijaisha. Aliuangalia ufunguo kama mtu anayeangalia nge. Akausukuma kwa kidole hadi upande wa Spana. Spana akausukuma hadi kwa Profesa. Profesa akaingia kibandani.

— Kahawa imekwisha, alisema Birika, ingawa birika lilikuwa bado linatoa mvuke.

Tofali lilikuwa pale pale. Polepole, akidhani hakuna anayemwangalia, Kona akaweka mguu wake juu yake. Akakanyaga mara moja. Akatega sikio upande wa tangi, akangoja. Hakujua angoje kiasi gani.