Mama Bertilla na Chuma cha Zamu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Yusto, mtoto wa kwanza wa marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Mama yetu Bertilla alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Pito, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akabaki nyumbani akilima mahindi na ulezi. Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na marehemu baba yetu Dominiko, wakahamia hapa Mollo, Mungu akawajalia watoto watano, wawili akawachukua wakiwa wachanga, tukabaki mimi, Silvana na Cornelia.

Tarehe 2 Februari 2024, akiwa shambani, alipata kiharusi, miguu ikakosa nguvu. Mtaalamu wa mazoezi alituambia kwamba akisimamishwa kila siku atarudi kusimama mwenyewe, na mwezi Mei mfadhili mmoja akaipa jumuiya yetu chuma cha kutembelea, cha miguu minne, kimoja tu. Wagonjwa walikuwa wanne, hivyo jumuiya ikaamua kizunguke nyumba kwa nyumba, wiki kwa wiki, kama inavyozunguka sanamu ya Bikira Maria, kikipokelewa kwa rozari na kuagwa kwa wimbo. Mama alikuwa akianza kusimama Jumamosi, Jumapili baada ya misa kinachukuliwa, na kikirudi miguu imeshasahau.

Alimwomba mwenyekiti wetu, Mzee Loth, kibaki kwake hadi harusi ya Cornelia, ili amkabidhi binti yake akiwa amesimama. Mzee Loth alimjibu kwamba hata Mama wa Mungu halali nyumba moja, naye mama akasema kwamba yule huletwa akiwa amesimama tayari. Watu walicheka, wimbo ukaimbwa, chuma kikaenda.

Tarehe 12 Oktoba 2024 alimkabidhi Cornelia akiwa ameketi, na kanisani aliona migongo ya watu tu.

Tarehe 15 Januari mwaka huu, 2025, chuma kikiwa nyumba nyingine, alijaribu kusimama kwa kushikilia kiti cha plastiki, kiti kikateleza, akaangukia kisogo, akafariki hospitalini kesho yake alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi kwenye mvua, wanakwaya wenzake, na jumuiya yetu, ambayo asubuhi hii imekileta chuma bila kungoja zamu, ndicho hicho hapo mbele, kimebeba picha yake.

Mama, pumzika kwa amani ya Bwana, hadi siku atakapokusimamisha yeye mwenyewe, wala hakuna atakayekuja Jumapili kukuketisha.